Je, upepo wa mechi ya sita huvuka hadi mechi ya saba?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni ndugu wawili na majirani wawili hapa Mwanga, Kigoma, na tangu fainali ya 2025 ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambamo anayewahi kushinda mechi nne kati ya saba ndiye bingwa, hatujapatana. Indiana Pacers waliposhinda mechi ya sita kwa pointi 108 kwa 91, nilisema upepo umeshageuka na kombe ni lao. Kaka yangu akasema habari za upepo ni maneno ya kibanda umiza, na kwamba kila mechi huanza sifuri kwa sifuri. Oklahoma City Thunder walipochukua ubingwa katika mechi ya saba alinicheka mpaka majirani wakasikia, nami nikamjibu kwamba Tyrese Haliburton, nyota wa Indiana, asingeumia tungeona mengine. Nani kati yetu yuko sahihi? Na huyo Haliburton, aliyefunga mara kwa mara katika sekunde za mwisho, ni hodari wa kweli au alibahatika tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kaka yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe, lakini sababu aliyoitoa si nzuri, na hilo nitalieleza kabla sijamaliza ili naye asitembee kifua mbele kupita kiasi. Kauli ya kwamba kila mechi huanza sifuri kwa sifuri ni kweli kwa ubao wa matokeo peke yake. Miguu ya wachezaji haianzi sifuri, wala vigimbi vyao, wala daftari la kocha aliyekesha akitazama picha za mechi iliyopita.

Tuanze na mabingwa wenyewe, kwa kuwa ushahidi mzuri uko katika safari yao ya mwaka huohuo. Katika raundi ya pili Oklahoma City waliifunga Denver 149 kwa 106 katika mechi ya pili, tofauti ya pointi 43, na yeyote aliyekuwa macho alfajiri ile angeapa kwamba Denver wamekwisha. Mechi iliyofuata Denver walishinda 113 kwa 104 baada ya muda wa nyongeza. Raundi iliyofuata, Oklahoma City wakiwa wameshinda mechi mbili za kwanza dhidi ya Minnesota, walipigwa ya tatu 143 kwa 101, yaani pointi 42, na siku mbili baadaye wakaenda kushinda ya nne 128 kwa 126 kwenye uwanja uleule waliochapwa. Katika mtoano wote ule walipoteza mechi saba, na hawakupoteza hata mara moja mbili mfululizo. Ikiwa upepo ni nguvu inayovuka kutoka mechi hadi mechi, basi kila kipigo kati ya hivyo saba kilipaswa kuwavutia kipigo kingine, au angalau kimoja kati ya saba kifanye hivyo.

Utaniambia nimechagua mifano inayonifaa, na ni haki yako kusema hivyo, kwa sababu mfano mmoja mmoja ndio unaotupotosha katika ubishi huu. Hata hivyo nakuomba uvumilie miwili zaidi, kwani hiyo ndiyo ambayo wapenzi wa neno upepo huitaja mara nyingi wakidhani inawasaidia.

Wa kwanza ni fainali ya 2016. Golden State Warriors, waliokuwa wameshinda mechi 73 na kupoteza 9 tu katika msimu wa kawaida, waliifunga Cleveland 110 kwa 77 katika mechi ya pili. Tofauti pointi 33. Mechi ya tatu Cleveland walishinda 120 kwa 90. Tofauti pointi 30 upande wa pili. Kama huo ni upepo, basi ni wa ajabu kuliko wowote wanaoujua mabaharia wa Ziwa Tanganyika. Golden State wakashinda ya nne, wakawa wanaongoza kwa mechi 3 kwa 1, kisha Cleveland wakashinda zote tatu zilizobaki na ya saba ikaisha 93 kwa 89. Watu husema upepo uligeuka katika mechi ya tano. Mimi nasema katika mechi ya tano Draymond Green wa Golden State alikuwa amefungiwa kucheza, mwenzake Andrew Bogut aliumia goti ndani ya mechi hiyohiyo, na LeBron James na Kyrie Irving wa Cleveland walifunga pointi 41 kila mmoja. Ukiwaondoa walinzi wawili wa eneo la chini ya kikapu, mtu kama LeBron hahitaji upepo ili afike pale.

Wa pili ni wa 2023, nao ndio unaoiumiza zaidi hoja yako. Boston walikuwa nyuma 3 kwa 0 dhidi ya Miami. Wakashinda ya nne, wakashinda ya tano, na ya sita wakaishinda Miami kwao 104 kwa 103 pale Derrick White alipousukumia mpira kikapuni ikiwa imebaki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sidhani kama imewahi kuwapo timu iliyoingia mechi ya saba ikiwa na kile mnachokiita upepo kwa wingi kuliko ile, tena ilikuwa inarudi nyumbani kwake. Ilifungwa 103 kwa 84. Nyota wao Jayson Tatum aliteguka kifundo cha mguu katika shambulizi la kwanza kabisa, na timu nzima ilipiga mitupo 42 ya pointi tatu ikafunga 9. Timu zilizowahi kutoka 3 kwa 0 nyuma na kufikisha mechi ya saba katika NBA ni nne: New York 1951, Denver 1994, Portland 2003 na hiyo Boston. Zote nne ziliingia mechi ya mwisho zikiwa zimeshinda tatu mfululizo, na zote nne zilifungwa. Nne ni idadi ndogo na sitaki uichukue kama sheria, lakini laiti zingeshinda zote nne, wewe ungekuwa wa kwanza kuninyooshea kidole.

Sasa niingie katika hesabu, maana ndiko ubishi wenu unakochanganyikiwa zaidi. Mashabiki wengi wanajua kwamba mambo yakiwa 2 kwa 2, anayeshinda mechi ya tano huchukua mfululizo huo zaidi ya mara nne kati ya tano. Wanaitaja takwimu hii kama uthibitisho wa upepo. Lakini chukua timu mbili zinazolingana kabisa, kiasi kwamba kila mechi ni sawa na kurusha sarafu. Aliyeshinda ya tano ana mechi tatu, anahitaji moja tu kati ya mbili zilizobaki, na njia pekee ya kushindwa ni kupoteza zote mbili, jambo ambalo hutokea mara moja kati ya nne. Kwa hiyo sarafu, isiyo na moyo wala morali, tayari imempa asilimia 75. Kinachobaki kufikia hiyo asilimia 80 na kidogo hakihitaji upepo, kwa sababu anayeshinda mechi ya tano mara nyingi ndiye timu bora, na timu bora hushinda mechi nyingi kuliko nusu. Vivyo hivyo timu iliyo nyuma 3 kwa 1: kwa sarafu peke yake ina nafasi moja kati ya nane. Tunaposikia imeshinda, tunashangaa na kutafuta jina la ajabu lile, ilhali moja kati ya nane ni kitu ambacho mtu akingoja misimu ya kutosha atakiona tu.

Wataalamu walilichunguza jambo hili mapema, ila si kwa mechi bali kwa mitupo. Mwaka 1985 Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky walichapisha utafiti kuhusu mchezaji aliyewaka, yaani yule aliyefunga mara mbili au tatu mfululizo na sasa kila mtu anataka apewe mpira. Katika mashabiki 100 waliohojiwa, 91 walisema mchezaji wa namna hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kufunga mtupo unaofuata. Watafiti walipopitia mitupo ya wachezaji wa Philadelphia, hawakuuona moto huo. Kwa zaidi ya miaka 30 utafiti huo ulikuwa ndio fimbo ya watu kama kaka yako, na nakiri kwamba hata mimi niliwachapia vijana wengi nao.

Hapa ndipo naye aketi chini asikilize. Mwaka 2018 Joshua Miller na Adam Sanjurjo walionyesha kwamba njia ile ya kuhesabu ilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeigundua, nami nitawaeleza kwa sarafu ya shilingi 500, yenye Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Irusheni mara tatu na muandike, kisha muulize: baada ya kila Karume, ni mara ngapi alifuata Karume mwingine? Kuna mipangilio minane inayowezekana. Miwili kati yake haina Karume wa kufuatiwa, kwa hiyo tunaiacha. Katika sita iliyobaki, Karume watatu mfululizo wanatoa asilimia 100; Karume wawili kisha nyati, asilimia 50; nyati kisha Karume wawili, asilimia 100; na ile mitatu mingine inatoa sifuri kila mmoja. Jumlisheni, mgawanye kwa sita, mtapata asilimia 42 hivi. Sarafu ni halali kabisa, nusu kwa nusu, lakini ukihesabu namna hii inaonekana kana kwamba inapoa kila baada ya kufunga. Maana yake ni kwamba mchezaji ambaye kwa hesabu ile ya 1985 alionekana yuko palepale, kwa kweli alikuwa ameongezeka kidogo. Msikubali kwa neno langu. Kaeni barazani na sarafu na karatasi, mwenye subira atafika mara 100, na mtaona wenyewe.

Kwa hiyo moto upo, lakini ni mdogo. Uchambuzi mwingine wa 2014, uliotumia kamera zilizofungwa juu ya viwanja vya NBA, ulizingatia pia ugumu wa kila mtupo, ukakuta kwamba aliyewaka huongeza nafasi yake kwa takriban asilimia moja hadi mbili na kidogo. Ulikuta pia jambo ambalo kila aliyefundisha vijana katika kiwanja cha saruji iliyopasuka hapa Tabora analijua bila kamera: kijana akishafunga matatu, la nne hulipigia hatua mbili nyuma zaidi, huku mabeki wawili wakiwa wameshamkimbilia. Ule moto kidogo alionao anautumia kujichagulia mtupo mgumu. Mimi huwaambia wangu kwamba ukishafunga matatu, la nne lifungie karibu, na hawanisikii.

Ikiwa moto wa mtupo kwa mtupo, ndani ya dakika zilezile na mikono ileile, ni mdogo kiasi hicho, fikiria unabaki kiasi gani baada ya siku mbili, safari ya ndege na usiku wa kulala. Lakini kuna vitu vinavyovuka kutoka mechi hadi mechi kweli, na hivyo vina majina yake. Ninyi wa Kigoma mnavijua kuliko mimi, maana wavuvi wenu wa Kibirizi hawasemi kwamba dagaa wamekuwa na upepo mzuri usiku tatu mfululizo. Wanasema ni giza, na mwezi ukipevuka mbalamwezi itaua nguvu ya taa, na hilo limekuwa hivyo tangu enzi za karabai hadi hizi taa za sola. Wamekwisha kuitafuta sababu, wakaipata, na wanajua itaisha lini. Shabiki wa mpira wa kikapu naye anaweza kufanya vivyo hivyo.

Sababu ya kwanza ni majeraha na uchovu, na hiyo nimekwisha kuigusa. Ya pili, inayonipendeza zaidi kwa kuwa ni kazi yangu, ni marekebisho ya makocha. Katika fainali ya 2015 Golden State walikuwa nyuma 2 kwa 1 dhidi ya Cleveland. Kocha Steve Kerr akamtoa Andrew Bogut, mtu mrefu wa katikati, katika kikosi cha kuanzia, akamweka Andre Iguodala ambaye msimu mzima hakuwa ameanza mechi hata moja. Timu ikawa fupi lakini yenye kasi, nafasi uwanjani zikafunguka, na wakashinda tatu mfululizo. Iguodala ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Aliyekuwa akitazama kwa jicho la ushabiki aliona upepo umegeuka. Aliyekuwa akitazama kikosi aliona mtu mmoja ametoka na mwingine ameingia. Tofauti yao ni kubwa, kwani wa pili aliweza kutabiri kitakachotokea katika mechi ya tano, na hata kukisia Cleveland wajibu vipi, wakati wa kwanza alibaki kungoja upepo uamue.

Kiwanja cha nyumbani nacho kina uzito, ila sote tunakijua na sitakaa hapo.

Nisije nikaonekana mtu wa sarafu tupu, nitaje na siku ambayo sarafu haitoshi. Mei 2018 Houston walikuwa na Golden State katika mechi ya saba, nao walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo. Msimu ule walikuwa wakifunga takriban 36 katika kila mitupo 100. Kwa kiwango hicho, timu inayopiga mitupo 44 kama walivyopiga wao ingekutana na ukame wa namna hiyo kwa bahati mbaya tupu mara moja katika mechi zaidi ya 20,000. Mimi nashindwa kuamini kwamba ile ilikuwa bahati mbaya peke yake. Chris Paul wao alikuwa nje kwa sababu ya msuli wa nyuma ya paja, waliobaki walibeba dakika nyingi, miguu ilikuwa imekwisha, na mtupo wa mbali hutoka miguuni kabla haujatoka mkononi. Labda na kichwa kilichangia, kwani mtu akiona wenzake wamekosa 15 huanza kuusukuma mpira badala ya kuuachia. Kama unataka kuliita hilo upepo sitagombana nawe, lakini angalia kwamba lilitokea ndani ya mechi moja na lina mahali pa kuanzia.

Sasa mechi yenu ya saba, ya tarehe 22 Juni 2025. Haliburton aliingia akiwa na kigimbi kilichojeruhiwa tangu mechi ya tano, akafunga pointi tisa za haraka kwa mitupo mitatu ya mbali, kisha katika robo ya kwanza kano ya kisigino ikakatika. Bila yeye Indiana walikwenda mapumziko wakiongoza 48 kwa 47. Robo ya tatu ndiyo iliyowamaliza, na mechi ikaisha 103 kwa 91. Ukisema kwamba asingeumia wangeweza kushinda, nakubali kwamba wangeweza, na pengine nafasi yao ingekuwa nzuri. Ila hapo umeihama hoja yako ya kwanza bila kujua. Ulisema ushindi wa mechi ya sita ndio utakaowabeba. Sasa unasema mchezaji mmoja hodari ndiye ambaye angewabeba. Hoja ya pili ni nzuri, na ungeanza nayo kaka yako asingepata la kucheka. Tena yeye, aliyeshikilia kwamba kila mechi ni sifuri kwa sifuri, angelazimika kukubali kwamba kigimbi cha mechi ya tano kilivuka hadi ya saba.

Kuhusu Haliburton mwenyewe, nitakuwa na maneno machache kuliko unavyotarajia. Alifunga mitupo minne mikubwa katika mtoano ule: dhidi ya Milwaukee, dhidi ya Cleveland, dhidi ya New York, na ule wa mechi ya kwanza ya fainali ikiwa imebaki sekunde 0.3, uliowapa Indiana uongozi wao wa kwanza na wa pekee wa usiku ule, 111 kwa 110. Huo wa New York uligonga chuma, ukapaa juu kupita ubao, kisha ukashuka ndani ya kikapu. Na yeye mwenyewe alidhani ni pointi tatu na kombora la ushindi, kumbe ncha ya kiatu ilikuwa imekanyaga mstari, zikahesabiwa mbili na mechi ikaenda muda wa nyongeza. Mpira uliogonga chuma vile ungeweza kudondokea upande wowote, na asingekuwa mchezaji mbaya zaidi kwa hilo. Huyohuyo, katika mechi ya tano ya fainali, akiwa ameumia, alikosa mitupo yake yote sita ya uwanjani na kumaliza na pointi nne.

Mimi simpimi kwa mitupo minne. Ninampima kwa mamia ya mashambulizi ambayo hakuna anayeyakumbuka, ambamo alitoa pasi mapema, akaipoteza mara chache sana, na kuifanya timu yenye ushindi 50 katika msimu iwe bado hai katika dakika ya mwisho dhidi ya timu yenye ushindi 68. Mitupo ile minne ingeweza kuwa miwili. Kufika mara nne mahali ambapo mtupo wa mwisho una maana, hiyo sikuiona kama bahati, na ningemtaka katika timu yangu hata kama yote minne ingegonga chuma ikatoka nje.

Mkitaka kumaliza ugomvi wenu, fainali ijayo fanyeni hivi. Ninyi wanne mnaoamka saa tisa na nusu usiku, kabla mpira haujarushwa juu, kila mmoja aandike katika daftari upepo uko kwa nani na kwa nini, na ni marufuku kuandika sababu ambayo hamkuisema kabla ya mechi. Ikifika saa kumi na mbili, Kigoma kukiwa bado na giza, andikeni matokeo pembeni. Msifute kitu. Daftari hilo likijaa, mpeni mtu anayepanda treni aniletee hapa Tabora. Nitalisoma lote, na la kaka yako nitalisoma kwa jicho kali zaidi.